Tupeane uzoefu: mradi wako wa mwaka wa mwisho wa uhandisi ujenzi, siku namba zilipokukataa

Kokoto Nusu Inchi (mleta mada)

Wanajamvi, salaam. Msimu wa kutetea miradi ya mwaka wa nne umekaribia tena, na mwezi huu vijana watatu wasiojuana wameniandikia wakiuliza jambo moja kwa maneno tofauti: mradi umetoa matokeo ambayo hayakutarajiwa, sasa wafanye nini? Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake nimeona nifungue mada hii, ili waliopita njia hiyo, wawe wa zege, wa udongo au wa majengo, waeleze walichokifanya hasa siku namba zilipowakataa. Naomba tusirudie mambo ya kuchagua kichwa cha mradi wala ya kupanga sura za ripoti, maana hayo yamekwisha kuandikwa vya kutosha. Naanza mwenyewe.

Mradi wangu ulihusu majivu ya pumba za mpunga kama mbadala wa sehemu ya saruji kwenye zege. Wazo si langu na wala si jipya. Pumba zikichomwa vizuri hubakiza majivu yenye uzito wa kama moja ya tano ya pumba zenyewe, na sehemu kubwa sana ya majivu hayo ni silika, ambayo ikiwa katika hali inayofaa huungana na chokaa inayotolewa na saruji ikishakutana na maji, zikazaa gundi ileile inayolishika zege. Nilikuwa nimesoma ripoti za walionitangulia, na zote zilionyesha mchoro unaopanda hadi asilimia 10 ya majivu kisha ukashuka kwa adabu. Kwenye andiko la mradi nikachora mchoro wa matarajio unaofanana na hiyo kabla sijagusa hata pumba moja.

Pumba nilizipata bure kwenye mashine ya kukoboa karibu na Ifakara, gunia tano, kwa kuwa mwenye mashine alikuwa akitafuta mtu wa kumwondolea kichuguu chake. Zilipokwisha kuungua, gunia tano zile zikabaki ndoo moja na nusu. Nilizichomea kwenye pipa la lami nililolitoboa matundu, na hapo ndipo mradi ulipoharibikia, ingawa nilikuja kulijua hilo miezi mitatu baadaye. Pipa halina kipimajoto. Moto ukizidi sana, kwenye nyuzi 700 na kuendelea, silika huanza kugeuka fuwele isiyo na hamu ya kuungana na kitu. Moto ukikosa hewa, mkaa hubaki ndani ya majivu. Nadhani mimi niliyapata yote mawili kwenye pipa moja, kwani juu palikuwa na majivu ya kijivu kama ya jikoni na chini palikuwa na kitu cheusi tititi. Nikavichanganya, nikachekecha, nikaona inatosha.

Siku ya 28, umri ambao kwa kawaida zege hupimwa nguvu kwa kupasuliwa mashineni, zege lisilo na majivu lilitoa nguvu ya wastani wa Newtoni 26.4 kwa kila milimita ya mraba. Lile la asilimia 10 likatoa 22.8, la 20 likatoa 16.1, na la 30 likatoa 9.7. Mchoro wangu haukupanda popote. Ulikuwa mteremko mtupu, kama wa Kitonga.

Mwenzangu wa chumba aliniambia kwamba kugeuza tarakimu moja tu, 22.8 ikawa 27.8, kungemaliza tatizo, na sitadai kwamba sikulifikiria. Nililala na tarakimu hiyo siku mbili. Kilichonizuia hakikuwa uadilifu bali woga, kwa sababu msimamizi wangu hakuwa mtu wa kusoma ripoti. Alikuwa akiomba daftari la maabara, lile lenye madoa ya saruji. Nikalisoma upya daftari hilo nikitafuta pa kujitetea, ndipo nikaona kwamba kila mchanganyiko wenye majivu nilikuwa nimeuongezea maji "kidogo" ili slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege bichi, ibaki palepale. Nilipojumlisha vidogo hivyo, uwiano wa maji kwa saruji ulikuwa umetoka 0.55 kwenye zege la kawaida ukafika 0.68 kwenye lile la asilimia 20. Mkaa na vinyweleo vya majivu vilikuwa vinakunywa maji, nami nilikuwa nikiyamimina bila kujiuliza. Sura ya nne yote ikaandikwa upya, ikawa inahusu maji kuliko majivu. Jopo liliniuliza kwa nini sikutumia kemikali ya kupunguza maji, nikajibu kwamba sikuwa na fedha yake na kwamba hadi siku ya 28 sikuwa najua kuwa tatizo ni maji. Nilipata B. Waliokuwa na michoro inayopanda walipata A, baadhi yao kwa haki kabisa.

Karibuni.

Binti wa Mbuga

Shikamooni wakubwa. Wangu ulikuwa wa udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi hupasuka hadi kwato za mbuzi zikazama, na masika huvimba ukainua barabara kama andazi. Niliuchukua kando ya barabara ya vumbi mkoani Shinyanga nilikofanyia mafunzo kwa vitendo, magunia manne, na kondakta wa basi aliyatoza nauli ya mtu mzima baada ya kufungua gunia moja na kuhakikisha kwamba ni udongo kweli. Abiria wa jirani waliniombea dua.

Nilitaka kuona chokaa itaufanyia nini. Kipimo chenyewe ni CBR, cha uwezo wa udongo kubeba barabara, ambapo udongo unashindiliwa ndani ya kopo la chuma, unalowekwa kwa siku 4, kisha unasukumwa polepole kwa pistoni, na nguvu inayohitajika inalinganishwa na ile ya kokoto sanifu. Udongo mtupu ulitoa asilimia 2, na hakuna aliyeshangaa. Kilichonishtua ni kwamba nilipotia chokaa asilimia 4 ukatoa 3, na nilipotia 6 ukatoa 4. Kila kitabu nilichokifungua kilieleza kwamba udongo wa aina hii hubadilika waziwazi ukikutana na chokaa, lakini wangu ulikuwa kama umetiwa unga wa muhogo. Msimamizi akasema nirudie. Nikarudia, kwa jasho lilelile na nyundo ileile ya kushindilia, nikapata majibu yaleyale, na wiki tatu zikawa zimekwenda.

Aliyenitoa shimoni ni rafiki yangu aliyekuwa akisoma kemia. Alikuja kunitazama tu, akachota chokaa yangu kidogo, akaidondoshea asidi, nayo ikatoa povu jingi. Chokaa iliyo hai haitoi povu. Inayotoa povu ni ile iliyokwisha kuvuta hewa ya ukaa ikarudi kuwa jiwe la unga. Mimi nilikuwa nimenunua dukani kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa, ile ya kupaka ukuta, iliyokaa pale kwa muda ambao hata muuzaji hakuujua. Nikanunua mfuko mpya uliofungwa, nikauhifadhi ndani ya plastiki, na safari hii chokaa ya asilimia 6, baada ya udongo kupumzishwa siku 7 kabla ya kulowekwa, ikanipa 17. Seti zote mbili niliziweka kwenye ripoti, ile mbovu na ile nzima, na nawahakikishia kwamba ile mbovu ndiyo iliyozungumzwa zaidi.

Lakini swali ambalo bado ninalo hadi leo lilitoka kwa mtahini wa nje, mzee mpole aliyekaa kimya kwa dakika ishirini. Aliniuliza: kwa kilomita moja, chokaa yako ni kiasi gani? Sikuwa nimehesabu. Akanisogezea chaki. Upana mita 7, unene milimita 150, urefu mita 1,000, jumla mita za ujazo 1,050. Kwa udongo mkavu wa tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo ni tani 1,680, na asilimia 6 yake ni tani 100 na ushei. Malori kumi ya tani kumi kwa kila kilomita, kwenye barabara ambayo katika utangulizi wangu nilikuwa nimeiita ya gharama nafuu. Aliniacha niisome mwenyewe ile namba ubaoni, kisha akasema ahsante, hana swali jingine.

Nyundo ya Eastlands

Hamjambo nyote. Huku kwetu Kenya shahada ya uhandisi huchukua miaka 5, kwa hivyo mradi wetu ni wa mwaka wa tano, lakini mateso ni yaleyale. Mimi niliingia chuoni muda mfupi baada ya jengo la Huruma, Nairobi, kuanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikiwa imenyesha vibaya, na nilipofika mwaka wa mwisho sikutaka mada nyingine isipokuwa namna ya kupima nguvu za zege katika majengo yaliyokwisha kusimama.

Nilikuwa na nyundo ya Schmidt niliyoazimwa na idara, ile inayogonga uso wa zege na kusoma jinsi inavyodunda. Jengo lilikuwa la ghorofa tano, halijakamilika, ila ghorofa mbili za chini zilikuwa na wapangaji tayari. Mwenye jengo aliniruhusu kwa sababu alidhani ripoti ya chuo itamsaidia kupata mkopo. Nyundo ikanipa wastani wa Newtoni 24, nami nikaanza kuandika hitimisho. Msimamizi wangu akakataa kata kata hadi nitoboe zege na kupata vipande vya silinda. Fedha zilitosha vipande viwili tu. Vilipopasuliwa, kimoja kilitoa 11 na kingine 13.

Maelezo yake ya kisayansi hayakuwa magumu, ingawa niliyasoma nikiwa nimechelewa. Uso wa zege lililokaa miaka mingi kwenye hewa huvuta hewa ya ukaa na kuwa mgumu kama ganda, na nyundo inadunda kwenye ganda hilo pasipo kujua kilicho ndani. Jedwali nililokuwa nikilitumia kugeuza mdundo kuwa nguvu lilikuwa limetengenezwa kwa kyubu changa za maabara, yaani vipande vya zege vya umbo la mchemraba vinavyomwagwa ili vije kupasuliwa. Haya yote niliyaandika katika kurasa sita, na yalinipa alama nzuri.

Kilichokuwa kigumu hakikuingia kwenye ripoti. Vipande viwili havitoshi kulihukumu jengo zima, na msimamizi alinionya nisitumie maneno "si salama" mahali popote, kwa sababu sikuwa nimepima nguzo za kutosha kuyatetea. Wakati huohuo alisema hatuwezi kukaa kimya. Aliandika barua kwa mwenye jengo na kwa ofisi inayohusika, nami nikaipeleka kwa mkono. Mwenye jengo akaniambia nisirudi tena. Ghorofa ya chini kulikuwa na mama aliyekuwa akipika chapati, ambaye ndiye aliyekuwa akiniazima ndoo ya kupandia nipige nyundo sehemu za juu. Nilimweleza nilichokipata, kwa uangalifu, pamoja na yale mashaka yote ya vipande viwili. Alinisikiliza hadi mwisho, akageuza chapati, akaniuliza kama najua nyumba nyingine yenye kodi kama ile.

Nilipita hapo mwaka jana. Limepakwa rangi.

Kokoto Nusu Inchi

Mkuu, hiyo umeiandika vizuri na sina la kuongeza upande wa kitaalamu. Nitasema tu kwamba jengo la ghorofa 16 lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, na watu 36 wakafa, mimi nilikuwa bado mwanafunzi, na tangu siku hiyo mama yangu kila nilipompigia simu alikuwa akiuliza kama ninachokisoma ni kile kile. Kwa hiyo suala la namba ya kweli ndani ya ripoti ya mwanafunzi, ambayo pengine itasomwa na watu wanne tu, sijawahi kuliona kuwa dogo. Tuendelee.

Tangi Juu ya Paa

Yangu ni fupi na haina heshima. Nilisanifu hoteli ya ghorofa nne kwa programu ya kompyuta, michoro ikatoka kurasa 60 zenye rangi, na nilikuwa najiamini kuliko mhandisi wa miaka ishirini. Mjumbe wa jopo akaniomba nihesabu kwa mkono momenti, yaani nguvu ya kupinda, katika boriti moja tu iliyokaa juu ya nguzo mbili: urefu mita 6, mzigo kiloNewtoni 20 kwa kila mita. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kwamba ni mzigo mara urefu mara urefu gawanya kwa nane, yaani kiloNewtoni mita 90. Mimi nilitazama ubao kama mtu aliyepoteza funguo. Mjumbe mwingine akaniuliza kwa upole mahali lilipo tangi la maji la hoteli hiyo. Nilikuwa na matangi mawili ya lita 5,000 kwenye mchoro wa paa, nimeyachora mwenyewe, tani 10 za maji, na hayakuwamo kwenye mizigo yoyote niliyoiingiza kwenye programu. Nilipewa mwezi mmoja wa kurekebisha, na namshukuru Mungu hoteli yenyewe ilikuwa ya karatasi.

Boriti ya Mkoko

Assalaam alaykum. Ndugu zangu wote mmezungumzia zege na udongo, mimi nawaletea chokaa ya Mji Mkongwe, Unguja. Sote tunajua nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, zikaezekwa dari kwa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba na virefu: chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inavyoruhusu. Ukuta wa namna hiyo hupitisha unyevu ukauruhusu utoke. Ukiupiga plasta ya saruji unyevu hukwama ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta inatoka na sehemu ya ukuta. Baada ya sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020, niliona mradi wangu hauwezi kuwa kitu kingine isipokuwa kulinganisha plasta ya chokaa na ya saruji juu ya mawe hayo.

Nilitengeneza sampuli kwa utaratibu tuliofundishwa wa saruji: kutoa kwenye moldi, yaani kalibu, baada ya siku moja, kupima siku ya 7 na ya 28. Sampuli za chokaa zilivunjikia mkononi siku ya kutolewa. Nilizirudia, nikazitoa siku ya tano, na siku ya 28 bado mashine ilizipasua kabla mshale haujachangamka. Kwa takwimu hizo ilinibidi niandike kwamba wazee wetu walijenga kwa kitu kisichofaa, jambo ambalo ukuta wa nyumba ya bibi yangu unalikanusha kila siku.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayechoma chokaa shamba, kwa njia ya zamani ya tanuu, magogo na mawe kupangwa tabaka kwa tabaka hadi ikawa duara kubwa, kisha moto. Nilimwonesha kijedwali changu. Alicheka, akaniambia chokaa haina haja na mwezi wangu. Alikuwa na haki: saruji hukaza kwa maji, ila chokaa hukaza kwa hewa, ikiivuta polepole kutoka nje kwenda ndani, na siku 28 kwake ni utoto. Hata kule kuzizamisha sampuli kwenye tangi la maji, kama tunavyofanya zege, nilikuwa nikizinyima hewa ambayo ndiyo chakula chake. Sikuwa na muda wa kusubiri miezi sita. Nikabadilisha swali la mradi nikapima kasi ya unyevu kupanda na kutoka, jambo linaloonekana mapema, nikaandika wazi kwamba vipimo vya nguvu havikufaa kwa sababu utaratibu wenyewe ulikuwa wa kitu kingine. Sampuli chache niliziacha darini nyumbani. Nilizipima tena nikiwa kazini, mwaka na nusu baadaye, kwa raha yangu tu, na nguvu yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya siku ya 28.

Mzee wa Kyubu

Nimesoma yote nikicheka peke yangu. Mimi si mhandisi, ni fundi sanifu wa maabara, na nimesimama nyuma ya mashine ya kupasulia kyubu kwa miaka kumi na minne. Nyinyi mnakumbuka mradi mmoja kila mtu. Mimi nimeiona yote, kwa hiyo niruhusuni niseme yanayoonekana kutoka upande huu.

Kwanza, mnakuja pamoja. Miezi miwili maabara ni tupu, kisha mwezi wa tano ghafla wanafunzi arobaini wanataka mashine moja. Matokeo yake siku ya 28 ya mtu inaangukia Jumapili, au sikukuu, au siku umeme umekatika, naye anapasua siku ya 31 na kuandika 28. Hakuna sababu ya kufanya hivyo. Andika 31. Zege halijakosea kwa kukaa siku tatu zaidi, na msomaji akiiona 31 atajua cha kufanya nayo, lakini ukiandika 28 umemnyang'anya uwezo huo.

Pili, namba zilizopikwa zinanuka. Kyubu tatu za mchanganyiko mmoja, hata zikitengenezwa na mtu makini, hazitoi 25.0, 25.1 na 25.0. Zitapishana, maana kokoto hazikukubaliana kulala sawasawa, na mkono wako wa kushindilia ulichoka kwenye ya tatu. Nikiona jedwali ambalo kila seti inapishana kwa nukta moja najua halikutoka kwenye mashine yangu. Kuna kijana aliwahi kuniletea ripoti yenye matokeo ya siku ambayo mashine ilikuwa imefunguliwa iko sakafuni inatengenezwa. Nilimwita pembeni, sikumpeleka popote, akarudi akatengeneza kyubu upya, na ilimgharimu kuhitimu baadaye kuliko wenzake.

Tatu, mnalilaumu zege kumbe ni mkono. Kwenye moldi ya milimita 150 zege linatiwa kwa tabaka tatu na kila tabaka linashindiliwa mapigo 35 yasiyopungua, na mimi nahesabu kimyakimya kutoka mezani kwangu: tabaka la kwanza 35, la pili 20, la tatu simu imeita. Kisha kyubu inawekwa mashineni uso uliosawazishwa kwa mwiko ukiwa juu, wakati unapaswa kuwa pembeni, kwa sababu uso huo haujanyooka kama zile zilizogusa chuma. Kisha mtu anaongeza mzigo kwa pupa. Kiwango tunachofuata hapa ni Newtoni 0.6 kwa milimita ya mraba kila sekunde, maana yake kyubu ya Newtoni 25 itachukua kama sekunde 40 kupasuka. Ukiipasua kwa sekunde 8 umepima haraka yako.

Na jambo la nne, ambalo hakuna anayelifanya hadi nimwambie: pimeni uzito wa kyubu kabla ya kuipasua. Ikishapasuka huwezi tena.

Niko Mwaka wa Nne

Shikamoo Mzee wa Kyubu, na shikamooni nyote. Mimi ni mmoja wa wale watatu waliomwandikia mleta mada. Jana nimepasua seti yangu ya kwanza ya siku ya 28 na imetoa 24.1, 25.6 na 19.8. Wenzangu wanasema niifute ile ya tatu nichukue wastani wa mbili, kwa kuwa ni dhahiri imeharibika. Mwingine anasema niache zote tatu, wastani unakuwa 23.2, jambo liishe. Nilikuwa naelekea kuifuta, ila baada ya kusoma haya nimesita. Je, kuna kanuni?

Mzee wa Kyubu

Marahaba mwanangu. Kanuni ipo, na haimpendelei yeyote kati ya wenzako hao. Kiwango cha Ulaya cha zege, EN 206, kinasema kwamba vipande vya sampuli moja vikipishana kwa zaidi ya asilimia 15 ya wastani wake, matokeo yote ya seti hiyo yanawekwa kando, isipokuwa uchunguzi uonyeshe sababu ya kutosha ya kuitoa kyubu moja. Zako zinapishana kwa 5.8, na wastani ni 23.2, hiyo ni asilimia 25. Kwa hiyo huwezi kuzichukua zote tatu kama vile hakuna kilichotokea, na wala huwezi kuifuta ya tatu kwa sababu tu hupendi sura yake. Lazima uchunguze. Vipande vyake bado unavyo, au umevitupa?

Niko Mwaka wa Nne

Vipo, nilivirundika nyuma ya maabara na nilikuwa nimeviandika kwa chaki. Nitakwenda asubuhi.

Kokoto Nusu Inchi

Nenda na daftari. Kama ulipima uzito, uwe umeuandika humo.

Niko Mwaka wa Nne

Nimerudi, na samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na foleni ya mashine. Uzito niliupima kwa bahati tu, kwa kuwa fomu ya maabara ilikuwa na nafasi yake nami sikutaka kuiacha wazi. Kyubu ya kwanza ilikuwa kilo 8.12, ya pili 8.09, ya tatu 7.61. Nimevitazama vipande vya ile ya tatu na ubavu mmoja wa chini una matundu makubwa, kokoto zinaonekana zimesimama bila mchanga katikati yake, kidole changu kinaingia. Siku ya kumwaga nilikuwa peke yangu, mwenzangu alikuwa amekwenda kufuata maji, na kweli moldi ya tatu niliijaza kwa mkupuo mmoja kwa sababu zege lilikuwa limeanza kukaza. Nimepiga picha, nimeandika uzito wote, na jedwali litabaki na zile namba tatu, pamoja na maelezo ya kwa nini ya tatu haikuingia kwenye wastani. Kesho namwaga seti mpya ya kuhakikisha, na nimehesabu: siku yake ya 28 ni Jumamosi, maabara hufunguliwa hadi saa saba mchana.